Cool Papa Bell alikuwa na mbio kweli au ni stori tu?

SWALI: Mhariri naomba unisaidie. Kuna jamaa kaniambia zamani Marekani, kwenye zile ligi za weusi, kulikuwa na mchezaji wa besiboli anazima taa na anafika kitandani kabla chumba hakijaingia giza. Ni kweli? Na kama alikuwa mkali hivyo mbona hakucheza ligi kuu?

JIBU: Huyo ni James Bell, maarufu kama Cool Papa Bell, mzaliwa wa Starkville, Mississippi, 1903. Hiyo ya taa aliieneza Satchel Paige, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) mashuhuri waliyekuwa wanalala naye chumba kimoja safarini, na Bell baadaye akaeleza kwamba swichi ilikuwa mbovu, ukizima taa inachelewa, akaitumia kumshinda Paige dau.

Lakini mbio alikuwa nazo jamani. Alianza na St. Louis Stars, timu ya ligi za weusi, 1922 kama mrushaji, wakamhamishia uwanja wa nje katikati, na huko ndo akang'ara maana mpira unaoonekana umeshapita yeye anaukimbilia na kuudaka. Mwaka 1948, keshafika miaka 45, kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya timu ya kina Bob Lemon, mrushaji wa ligi kuu, Bell alikuwa beisi ya kwanza (kituo cha kwanza kati ya vinne anavyozunguka mkimbiaji), Paige akaugusa tu mpira kwa gongo ukadondoka karibu, basi Bell akatoka pale akazunguka beisi zote hadi nyumbani, yaani kituo cha mwisho, akafunga! Kwa mpira wa kugusa tu, kutoka beisi ya kwanza, hata kijana wa miaka 20 hapati hiyo kirahisi.

Sasa ligi kuu, hapo ndo panapouma. Shida ilikuwa rangi yake, hakuna kingine. Wenye timu walikuwa wanawafungia weusi mlango hadi Jackie Robinson, mweusi aliyevunja mwiko huo, alipoingia timu ya ligi kuu ya Brooklyn Dodgers 1947, na Bell alikuwa anaelekea miaka 44. Miaka yake mizuri akaimaliza St. Louis, Pittsburgh na hata Mexico, ambako 1940 aliongoza ligi kwa wastani wa kupiga, kwa homu rani (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka beisi zote) na kwa kuwaingiza wenzake nyumbani, yote matatu msimu mmoja.

Alipostaafu akawa mlinzi wa usiku kwenye jengo la halmashauri ya jiji la St. Louis, mtu wa kiwango kile! Jumba la Mashujaa wa besiboli la Cooperstown likamwingiza 1974 na akafariki 1991. Takwimu za ligi za weusi zimekuja kuunganishwa na za ligi kuu 2024.