Majani yakikauka serikali inalipa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi mfugaji wa siku nyingi huku Handeni, vuli ikigoma malisho yanaisha kabisa na tunabaki kuuza ng'ombe mnadani kwa bei ya kutupa. Mjukuu wangu kaniambia eti Marekani mfugaji akikosa majani serikali inamlipa hata kama ng'ombe hawajafa. Ni kweli? Na sisi tunaipataje? (Mzee wa Mkata)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mjukuu hajakudanganya, mpango upo, kwa kifupi wanauita LFP, uko chini ya wizara ya kilimo ya kule na sheria ya kilimo ya 2014 ndo iliufanya uwe wa kudumu. Kikubwa hapo ni kwamba hawalipi mzoga, wanalipa majani, waliofiwa na mifugo wana mpango wao mwingine. Kila Alhamisi inatoka ramani ya ukame ya nchi nzima yenye madaraja D0 mpaka D4, D4 ndo ukame mkali kuliko yote, sasa eneo lako likiingia D3 muda wowote ndani ya msimu wa malisho unastahili malipo ya miezi 3, likikaa D3 wiki 4 inakuwa miezi 4, D4 ikikaa wiki 4 inafika miezi 5. Hawabebi gharama yote ya chakula, wanakokotoa kwa asilimia 60, na lazima uonyeshe una mifugo mingapi na unachungia wapi.

Ila kuomba hatuwezi mzee, ile ni ya wafugaji wa kule. Sisi msaada tumezoea kuuona ng'ombe wakishaisha, kama baada ya ukame wa 2009 serikali ilipogawa ng'ombe kwa kaya zilizopoteza mifugo Longido, Monduli na Ngorongoro. Ni jambo jema kabisa, lakini ng'ombe aliyenunuliwa majani mwezi wa pili, ikifika mwezi wa nne bado anakamuliwa na ndama yupo! Jirani zetu Kenya walishaanza, 2015 serikali yao ilianza na Turkana na Wajir, ikawalipia bima kaya zilizochaguliwa kwa kiwango cha kama ng'ombe 5 kila kaya, satelaiti inaangalia ukijani wa malisho, ukishuka sana hela inatoka bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Hii ndo tuidai na sisi, naiamini kwa moyo wote.

Kwa sasa anzia kijijini. Sheria ya usimamizi wa maafa ya 2022 ina kamati mpaka ngazi ya kijiji na ukame ni maafa kama mafuriko, kwahiyo nendeni kwa mtendaji majani yanapoanza kuisha, msisubiri vifo, iandikwe kwenye muhtasari pamoja na idadi ya mifugo na picha za malisho. Zile hereni za utambuzi wa ng'ombe watu wanazozilalamikia hapa zinasaidia, idadi haina ubishi. Na eneo la malisho liwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, maana lisipotengwa watu watalilima tu.

SWALI: Nina ng'ombe 2 wa maziwa bandani Muheza, kiangazi mabingobingo yanakauka. Na mimi naingia kwenye mipango hiyo ya kulipwa majani? (Mama Zai)

JIBU: Dada yangu, hata bima ya satelaiti ya Kenya inaangalia malisho ya wazi ya wafugaji wanaohama, sio shamba lako la majani, kwahiyo akiba yako ni masika yenyewe. Majani yakiwa mengi kata yakiwa bado laini, katakata, shindilia kwenye mfuko mzito wa nailoni mpaka hewa iishe, funga vizuri, yatakaa mpaka kiangazi. Mbegu za majani yanayovumilia ukame waulize TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, pale Buhuri, Tanga, utafiti wa malisho ni kazi yao, na uende kabla mvua hazijaanza ili upande kwa wakati.