Umealika 18, wamekuja 4: jibu langu kwa dada wa Makambako

Dada wa Makambako, nimesoma ulichoandika nikashindwa kupita bila kukujibu. Umesema Jumamosi ulifanya mkutano wa kuuza vyombo sebuleni kwako. Ulialika watu 18, ukakaanga maandazi, ukaazima viti, wakaja wanne. Mmoja akanunua kibakuli kidogo, mwingine akaulizia ndoo kubwa ya unga ambayo siku hiyo hukuwa nayo. Sasa unauliza kama uache kabisa, na kama majirani wana chuki na wewe.

Mimi niko Mbeya, nauza vyombo vya kuhifadhia chakula kwa mikutano ya nyumbani tangu 2018. Sina cheo chochote katika hiyo biashara. Nakuandikia kama dada yako aliyepita hapo hapo unapopita.

Mkutano wangu wa kwanza niliufanya kwangu Ilomba, mwezi wa pili, saa tisa alasiri. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa pili ameshaelewa kilichonipata. Saa nane na nusu mlima Loleza ukapotea kwenye wingu, saa tisa mvua ikaanza kupiga bati, na nyumba yangu haina dari sebuleni. Kati ya watu 22 walikuja watano, mmoja wao wifi yangu aliyekuja kunisaidia kugawa chai. Nilikuwa naeleza huku napiga kelele na hakuna aliyenisikia. Niliuza vyombo vya shilingi 38,000. Faida yangu ni asilimia 25, kwa hiyo nilipata 9,500. Ngano, mafuta, sukari, maziwa na bodaboda ya kuleta viti vilikuwa vimenimaliza 31,000. Jioni mume wangu alibeba viti kuvirudisha kanisani, mvua ikiwa bado inanyesha. Hakuniuliza neno lolote, na kule kutoniuliza ndiko kulikoniliza.

Wiki tatu nzima nilipita njia ya nyuma kwenda dukani ili nisisalimiane na wale ambao hawakuja. Niliwahesabu mmoja mmoja usiku: huyu nilimchangia harusi ya mwanawe, huyu nilikesha kwenye msiba wake, na leo kaniacha na viti vitupu. Nadhani hapo ndipo ulipo sasa, kwa jinsi ulivyoandika.

Siku moja nikakutana na jirani Mwanjelwa, sokoni, kwenye njia nyembamba ambayo hakuna pa kukwepea. Akanishika mkono akaniambia, "Mama, ile Jumamosi nilivaa kabisa nikavua. Nilikuwa nimetoka kulipa ada, mfukoni sina hata mia. Nije nikae kwako, ninywe chai yako, halafu niondoke mikono mitupu? Ningekuangalia vipi kesho yake?"

Nakuomba ukae na maneno hayo kidogo. Huku kwetu mtu haingii nyumba ya mwenye shughuli mikono mitupu. Tumelelewa hivyo. Ukimwalika mtu kwenye shughuli ambayo anajua kuna kununua, na hana hela, anabaki nyumbani ili asikuaibishe na asijiaibishe. Kutokuja kwake ni heshima, japo kwako kunauma kama dharau. Nilipoanza kuwauliza wengine taratibu, wawili walikuwa msibani Mbalizi siku ile, na msiba kwetu haupimwi na kitu kingine. Mmoja alisahau. Aliyekuwa na kinyongo na mimi kweli alikuwa mmoja tu kati ya 17 ambao hawakuja, na kinyongo chake kilikuwa cha mpaka wa bustani.

Sasa nikwambie kosa ninaloliona kwako, kwa sababu nililifanya na mimi na hakuna aliyeniambia. Umefanya mkutano kwako, kwa jina lako, kwa watu wako. Aliyekuingiza kwenye biashara pengine alikwambia anza na ndugu na majirani. Ni kweli wao ndio wa kuwaambia mwanzo. Lakini mkutano wa nyumbani unategemea mwenyeji ambaye si muuzaji. Wageni wanakuja kwa ajili yake, anawaalika kwa mdomo wake, anawapikia chai kwake, na wewe unaingia kama mgeni mwenye bidhaa. Yeye anapata zawadi kulingana na mauzo. Hapo mtu ambaye hana hela anaweza kuja kumsalimia rafiki yake, akaangalia vyombo, akaondoka bila aibu yoyote.

Njia hii haikuanzia kwetu. Mmarekani Earl Tupper alipoingiza vyombo vyake vya plastiki sokoni mwaka 1946, vilikaa tu kwenye rafu za maduka, maana watu hawakuelewa kifuniko chake kinavyobana. Vilianza kwenda vizuri kina mama kama Brownie Wise walipovipeleka sebuleni kwa watu na kuonyesha kwa mikono, na mwaka 1951 kampuni ikaviondoa madukani kabisa ikabaki na mikutano ya nyumbani. Nakutajia hili kwa sababu moja: chombo cha namna hii ukikishika tu na kutaja bei, ni plastiki kama plastiki nyingine, na plastiki ya bei ndogo imejaa kila soko. Lazima mgeni aone kinachofanya.

Mimi naonyesha kwa usipa. Wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wakavu, wenye harufu ya kuamsha paka wa mtaa mzima. Naja nao ndani ya chombo kilichofungwa, nakizungusha kwa wageni, kila mtu anashika, anageuza, ananusa, anakisia kilichomo. Wanasema karanga, wanasema maharage. Halafu namwomba mama mwenye nyumba afungue. Hapo sebule nzima inapiga kelele, na tangu wakati huo sihitaji maneno mengi. Wewe huko Makambako tafuta kitu ambacho kila mama anakijua jikoni kwake. Kama kwenu wadudu wanasumbua unga, onyesha unga.

Mkutano wangu wa kwanza uliofanikiwa ulikuwa kwa mwalimu mmoja Iyunga. Walikuja watu tisa tu. Tuliuza 214,000. Fungu langu likawa 53,500, nikatoa zawadi ya mwenyeji ya 15,000, nauli na vitu vidogo 4,000, nikabaki na 34,500. Hakukuwa na maandazi. Kulikuwa na chai ya tangawizi na karanga za kukaanga. Kwa kweli maandazi yaache. Ukipika sana, wageni wanaona deni, na wewe ukipata hasara unalichukia kila andazi lililobaki. Yale ya siku ya mvua watoto wangu waliyala siku mbili na kila walipochukua moja moyo ulinichoma.

Mkutano huo wa Iyunga ulikuwa baada ya tarehe 25, mshahara umetoka. Tarehe ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Mwezi wa kwanza hela yote iko shuleni. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili mkulima anawaza mbegu na mbolea. Kuanzia mwezi wa sita, mahindi yakishatoka shambani na mpunga wa Kyela na Mbarali ukianza kuuzwa, mama yule yule aliyekukwepa mwezi wa pili anakuita mwenyewe. Mwisho wa mwaka kuna mgawo wa vikoba. Masika nafanya asubuhi saa nne, sisubiri alasiri. Wewe unaijua ratiba ya hela ya Makambako kuliko mimi. Ikae kwenye daftari lako kabla ya orodha ya wageni.

Kuhusu vikoba, mwombe mwenyekiti akupe dakika 20 baada ya watu kununua hisa na kurejesha mikopo. Kabla ya hapo usithubutu, utaonekana unawachotea hela ya kikundi.

Wasio na hela siku hiyo nawaandikia oda, wanatoa nusu, nusu nyingine siku chombo kinapofika. Sikopeshi chombo chote. Nilikopesha mwaka wa kwanza, nikapoteza hela na nikapoteza marafiki wawili, na hao marafiki bado wananiuma.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini lilinipata baada ya kuvunjika moyo na sitaki likupate. Mikutano mitatu mfululizo ilipokwama, aliyeniingiza alinipigia kila jioni: mwezi unaisha, lengo halijafika, nunua mwenyewe ujaze, utauza mbele ya safari. Nikachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Nikanunua seti 11, nikaziweka chini ya kitanda. Marejesho yalikuwa kila wiki, vyombo havitoki, na mume wangu hajui. Nililipa kwa kuuza cherehani yangu. Nilipomweleza hatimaye, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ya mvua. Dada, huzuni ya mkutano uliokwama inapoa baada ya siku kadhaa. Deni lililokopwa ili kuificha huzuni hiyo lilinikaa miezi tisa. Mtu akikwambia ununue mwenyewe ili ufikishe lengo, mwambie hapana, hata kama ni shangazi yako. Na ukiona maelezo yote ya faida yako yanatokana na kuingiza watu chini yako, vyombo havitajwi, toka. Upatu wa namna hiyo sheria ya nchi inaukataza, na wanaoumia ni wale ulioingiza wewe.

Umeuliza kama uache. Siwezi kukujibu kwa mkutano mmoja, na wewe usijijibu kwa mmoja. Mwaka jana nilifanya mikutano 31, na 11 kati ya hiyo haikunirudishia hata nauli. Hiyo ni baada ya miaka yote hii. Mmoja ulikuwa Tukuyu, nimepanda gari asubuhi na mzigo wangu, nimefika mwenyeji kaenda shamba. Nilikaa kibarazani kwake kwa muda wa saa mbili, mama mkwe wake akanipa ndizi za kuchemsha, tukaongea, nikarudi. Sasa hivi siku kama hiyo inaniuma mpaka jioni tu. Kesho yake naandika daftarini mambo matatu: nani alialika, saa ngapi, mwezi ulikuwa na nini. Hapo naona mengi yalikuwa ya kalenda na ya mwaliko, na machache yalikuwa yangu.

Wale 14 ambao hawakuja, usiwatumie ujumbe wa lawama kwenye kundi la WhatsApp. Wasalimie kama kawaida. Ukipita njia ya nyuma kama mimi, wao ndio watakaodhani una kinyongo.

Halafu huyo mama wa ndoo ya unga. Umemtaja kwa mstari mmoja kama hasara, ndoo hukuwa nayo. Mpigie leo. Mwambie ndoo unaiagiza, na muulize kama angependa kuwaita marafiki zake watano au sita kwake siku itakapofika, wakaione, na yeye apate zawadi yake. Akikubali, mwache achague siku mwenyewe. Wewe nenda na ndoo, kilo mbili za unga, na chai isiwe juu yako. Ukishajua tarehe, niandikie hapa nikwambie namna ya kumwelekeza awaalike.