Kidonge cha nguvu za kiume: yanayoharibu na yanayoua

Wengi wanaolalamika kwamba dawa "haishiki" walishiba kwanza. Sildenafil (ndiyo Viagra) ikikuta tumbo limejaa vyakula vya mafuta, huchelewa kuingia kwenye damu na makali yake hupungua. Imeze saa moja kabla ya tendo, tumbo likiwa jepesi, kisha acha kutazama saa. Kidonge hakileti hamu. Kinasaidia damu kuingia uumeni pale tu unaposisimka. Ikigoma mara moja usiikatie tamaa. Ijaribu siku tofauti, hata mara sita au nane, ndipo urudi kwa daktari.

Kwa kawaida dozi ya kuanzia ni miligramu 50. Aliyevuka miaka 65, au mwenye ini au figo zenye matatizo, huanzishiwa 25. Kikomo ni 100, mara moja tu ndani ya saa 24. Kuongeza cha pili kwa kuwa cha kwanza kimechelewa ni kujitafutia kichwa kuuma, kizunguzungu na macho kuona kila kitu kina ubluu. Tadalafil, dawa nyingine ya aina hiyo, haijali chakula, ila hufanya kazi hadi saa 36, na maudhi yake nayo huweza kudumu.

Sasa kubwa: nitrati, dawa za maumivu ya kifua, zikiwemo vidonge vya kuweka chini ya ulimi na isosorbide. Nitrati na kidonge cha nguvu, vyote hutanua mishipa. Vikikutana, presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Kifua kikikubana katikati ya tendo, acha, kimbilia hospitali na utaje ulichomeza na saa uliyomeza, hata kama mkeo yuko hapo na hajui. Nitrati haifai kabla ya saa 24 kupita tangu sildenafil, au 48 tangu tadalafil.

Mtajie daktari pia dawa za tezi dume kama tamsulosin, kwani nazo hushusha presha. Anayetumia ritonavir, mojawapo ya dawa za VVU, asizidishe miligramu 25 za sildenafil kwa saa 48, kwa sababu ritonavir huzuia ini lisiivunje. Na mwambie akupime sukari na presha. Mishipa ya uume ni myembamba, mara nyingi huziba kabla ya ile ya moyo, hivyo uume kugoma kunaweza kuwa onyo la mapema.

Uume ukibaki umesimama kwa muda wa zaidi ya saa 4, usingoje asubuhi, kimbilia hospitali. Damu iliyonasa humo haina oksijeni tena, na nyama ikishaharibika hakuna kidonge kitakachoirudisha.