Dakika tatu za bibi yako

Hadija mama,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, ila goti linamsumbua kwa baridi, na Soni ya mwezi wa saba unaijua. Ng'ombe amezaa, jike. Mjomba wako wa Bumbuli ametoka hospitali na ameanza kugombana na watu, kwa hiyo amepona. Rajabu yupo, ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie. Ukiona mstari umekatwa pembeni ujue ni mkono wake. Hizo ni salamu, na umeona nimeziandika zote, sikuruka hata moja.

Umeniuliza: "Baba, ni vibaya nikikutumia voisi badala ya kupiga? Maana hunijibu. Niambie ukweli, usinionee huruma."

Swali hilo ninalo tangu Ijumaa. Kwanza ujue kwamba voisi zako nazisikiliza zote. Shida yangu ni kwamba sijui pa kuweka "eeh". Wewe unasema, "Baba, juzi mvua ilikuwa kali," mimi nasema eeh. Unasema, "Basi la alfajiri likaniacha," nasema eeh, pole mama. Na wewe unapita tu, pole yangu hukuisikia, umeshafika kazini na umeshavua koti. Juzi mama yako amenikuta kibarazani naitikia simu iliyokwisha kuzima kioo, akasimama mlangoni ananiangalia. Alidhani nimeanza.

Rajabu ndiye balaa. Anaziendesha mbio. Dakika zako nne anazimaliza kwa mbili, unalia kama chiriku. Nikamwambia, huyu ni dada yako au ni dalali wa mnada? Akanijibu, "Mzee, dada anazunguka sana kabla ya kufika kwenye pointi." Hapo ndipo nilipokumbuka jambo, na ndilo nitakalokujibu, ingawa najua silo uliloniuliza.

Mwaka 1987 nilikuwa karani wa hesabu kwenye kile kiwanda cha Barabara ya Pugu, kabla barabara haijapewa jina la Nyerere. Posta na Simu lilikuwa bado shirika moja, na ukipiga Dar kutoka mkoani unaanza na 051. Hii 022 imekuja baadaye. Ofisini simu zilikuwa mbili. Moja mezani kwa bosi. Ya pili ya sisi makarani, nyeusi, ya kuzungusha, na kwenye kile kisahani cha namba walikuwa wametia kikufuli kidogo ili kisizunguke. Kupokea ilipokea, kupiga ni mpaka ufunguo utoke kwa bosi. Vijana wa stoo walikuwa na ufundi wao: unagonga kile kidude kinachobonyea ukiweka mkono wa simu, mara tatu ni namba tatu, mara tano ni tano, mpaka namba nzima, ukikosea pumzi unaanza upya. Mimi sikuthubutu. Nilithubutu mara moja, tuyaache.

Bibi yako akaniletea barua. Aliandikiwa na mwalimu wa madrasa, na ilichukua siku kumi na moja kunifikia. Jumamosi ya tarehe fulani, saa nne asubuhi, nitakuwa Posta Lushoto, nitakupigia ofisini, usitoke. Basi, ndiyo barua yote. Hakusema kwa nini.

Sasa fikiria mtu aliyepokea barua ya namna hiyo wakati ule. Simu ya mbali ilikuwa ya msiba, au ya mtu kuitwa asikotaka. Vifo vyenyewe tulivipata Radio Tanzania, kwenye matangazo, nyumba nzima inanyamaza mpaka lisomwe jina la mwisho ndipo mtu anavuta pumzi. Nikahesabu wagonjwa wa ukoo mzima. Nikamkopa nauli mwenye kantini, endapo nitatakiwa kuondoka siku ile ile, nikaishona ndani ya mfuko wa suruali.

Na namba niliyompa ilikuwa ya bosi. Ukitaka kujua kwa nini, ni kwa sababu nilitaka watu wa nyumbani waone nina namba ya maana. Haya, nimesema.

Saa nne ikafika, ikapita. Jumamosi tulifanya kazi nusu siku, watu wakaanza kufunga vitabu. Saa tano kasoro robo ikalia. Bosi akapokea, akasikiliza, akanyoosha mkono wa simu kwangu bila kusema neno, akabaki amekaa pale pale. Nikasikia opereta anamwita opereta mwenzake, naye anamwita mwingine kwa mbali zaidi, halafu sauti kama mvua juu ya bati, halafu bibi yako, anapaza sauti kama anayeniita ng'ambo ya bonde.

Nikampa shikamoo. "Marahaba! Umeamkaje?" Salama, mama. "Mkeo?" Hajambo. "Mtoto?" Huyo ni wewe, ulikuwa na miezi minane. "Uji anakunywa?" Anakunywa. "Na yule jirani yako Mngoni?" Hajambo, mama. "Mguu wake?" Umepona. Kisha akaanza kunimwagia salamu za watu, mmoja mmoja, kila mtu na jina la baba yake ili nisimchanganye na mwingine, na kila mtu nimwitikie. Bosi ameweka kalamu chini, ananiangalia. Nami najibu Kisambaa kwa kelele, jasho linanitoka, nikijua kule Posta saa inamhesabia.

Nikamwambia, "Mama, sema ulichokujia, dakika zinakwisha."

Ile mvua ya bati ikabaki peke yake. Kisha akasema, na sasa hakupaza sauti, ilikuwa sauti yake ya ndani ya nyumba, "Basi, baba. Ni hayo tu." Opereta akaingia: dakika tatu zimetimia, mnaongeza? Nikasema hapana. Mimi ndiye niliyesema hapana, na mlipaji alikuwa yeye.

Idi ya mwaka ule nikapanda nyumbani. Bibi yako sikumwuliza, uso nilikuwa sina. Nilimwuliza shangazi yako Mwanaidi, ndiye aliyemsindikiza. Mama alikuwa na shida gani siku ile? Shangazi yako akaacha kuchambua mchele. "Shida gani? Aliuza matenga mawili ya plamu hapo Soni, akasema anataka kusikia sauti yako. Kwenye gari njia nzima alikuwa anajikumbusha majina ya watu wa kukusalimia, anahesabu kwa vidole. Ulipomkata alikuwa amebakiza vidole viwili."

Tangu hapo nasema, na mmechoka kunisikia, kwamba salamu ndiyo habari yenyewe. Watu wanaona salamu ni mlango, na habari iko ndani. Sivyo.

Miaka mingi nimejitetea kwamba nilimhurumia pesa yake. Ni kweli. Nusu. Nusu nyingine ni bosi na kile Kisambaa changu cha kelele mbele yake. Na hata hiyo nusu ya kwanza nikiitazama vizuri inanishinda: plamu zilikuwa zake, matenga alibeba yeye, nani aliniajiri niwe mhasibu wake?

Usidhani naikataa simu ya siku hizi. Unakumbuka bipu zetu ulipokuwa bweni, kwenye simu ya matroni? Moja umefika salama, mbili nipigie, tatu pesa imekwisha. Walikuwa wanakata dakika nzima hata ukisema "haloo" tu, ndiyo maana tukajifunza kuzungumza bila kufungua mdomo. Siku ya kufungua shule sikulala mpaka niione ile moja. Ikilia mara moja na kukatika, nazima taa. Haikuwa na salamu hata chembe, na mama yako jana usiku amenibana hapo hapo: "Kama salamu ndiyo habari, bipu ilikuwa nini?" Nikamwambia bipu yenyewe ndiyo ilikuwa salamu. Akacheka, akasema mimi kesi zangu zote huwa najihukumu mwenyewe na kushinda.

Bibi yako nilimnunulia simu mwaka 2003. Mtandao haukufika nyumbani, ulifika mgomba wa mwisho, pale shamba linapoanza kuteremka. Kila Jumapili saa kumi na moja jioni alikwenda pale na kigoda chake, amejifunga kanga mbili kwa baridi, simu ameishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Nami nampigia kutoka Dar. Sikumkata tena. Alisalimia mpaka vocha yenyewe ndiyo iliyotukata. Aliniuliza habari za yule Mngoni hata baada ya Mngoni kuhamia Songea, nikawa namjibu hajambo, kwa sababu alikuwa hajambo, Songea.

Miaka mitatu tulikaa hivyo, Jumapili kwa Jumapili, na sikuwahi kumwuliza wale watu wawili walikuwa akina nani. Nilikuwa nasema nitamwuliza wiki ijayo. Si swali gumu. Kila nikilifikia mdomoni nasikia ile mvua ya bati, nauliza habari za ng'ombe.

Namba yake sikuifuta alipofariki. Rajabu aliponiwekea WhatsApp, pale kwenye jina "Mama" ikatokea picha ya kijana amekaa juu ya bodaboda, kavaa miwani ya jua, kidole gumba juu. Laini ikikaa bila kutumika namba hurudishwa sokoni, nimeelezwa, na kijana hana kosa. Kwa kweli anaonekana mtu mwema. Bado sijaifuta.

Na hapo ndipo unaponishinda, Hadija, kwa sababu sauti ya bibi yako sina. Hata "marahaba" moja. Picha tunazo tatu, na ile ya kitambulisho haifanani naye. Lakini za kwako mama yako anazo zote, hafuti, simu imejaa mpaka inakataa picha za harusi. Ile uliyotuma unapika ugali huku unacheka na yule mwenzako Mghana anayeuita ugali kwa jina lao, anaipiga kila wakija wageni. Mtoto wa jirani ameshajua kukiigiza kicheko chako, anatukosesha raha na kutupa raha. Bibi yako angekuwa na voisi siku ile pale Posta, angemaliza vidole vyake vyote kumi na kurudia, na hakuna mtu wa kumwambia dakika zinakwisha. Isipokuwa Rajabu, angemwendesha mbio.

Sasa ni vibaya au si vibaya? Kalamu inataka kuandika kitu hapa naizuia. Najua unatoka kazini saa ambazo sisi tunaamkia alfajiri. Najua kule Leeds umechoka na kuinua wazee wa watu usiku kucha, na mtu aliyechoka haanzi kuuliza habari za mguu wa jirani. Ulinisimulia yule bibi wa Kiingereza huko kazini kwako, anayevaa vizuri kila Jumatano na kukaa karibu na simu, hata siku ambayo mwanawe hapigi. Nilitaka kuutumia mfano huo dhidi yako, nikaona ni uonevu, mzazi hashindi namna hiyo. Nimeuacha. Hukuusoma.

Kwa hiyo sisemi. Wewe ni mtu mzima, una miaka zaidi ya ile niliyokuwa nayo mimi siku ile ofisini kwa bosi. Sisemi kitu. Mama yako ameichukua karatasi akasoma mpaka hapa, akasema, "Umeshasema." Mimi sioni wapi.

Kwa sasa saa zetu zimepishana mbili tu, mpaka watakaporudisha zenu nyuma mwezi wa kumi. Jumapili huku ikiwa saa mbili usiku kwenu ni saa kumi na mbili. Kama umeme utakuwa umekatika na simu kubwa haipatikani, piga kile kiswaswadu changu, kinashika chaji siku nne na sasa mtandao unafika mpaka jikoni. Voisi tuma pia, mama yako asije akanilaumu.

Wanakusalimu: shangazi yako Mwanaidi, mjomba wa Bumbuli, mwalimu wa madrasa, huyu mdogo, mtoto wa yule aliyemwandikia bibi yako, mke wake, na mapacha wao. Mzee Shemdoe wa mashine ya kusaga, anauliza kama huko kuna mahindi. Bi Zaina, ameoza meno mawili na anasema wewe ndiye ulimpa zile peremende. Rajabu, ingawa yupo hapa anasema nisimwandike. Kuna na wengine wawili walionituma jana msikitini, nitakutajia ukipiga.

Baba yako