Mahari ya Roboti Hupokea Nani?

Maswali ya mwezi huu yameelemea upande mmoja: mapenzi ya mtu na mashine, vitabuni na kwenye filamu. Yaliyouliza kama roboti ana roho nimeyaweka kando, maana nimeshayajibu mara mbili mwaka huu. Mwenye hamu amwendee shehe au padri wake.

Tuseme akili mnemba, akili unde au akili bandia? (Msomaji, Dodoma)

Semeni lolote mradi mnaelewana. Barua nyingine yenye swali hili naitupa.

Nani alianza kuandika habari za mtu kupenda mashine? Rafiki yangu anasema ni Wagiriki. (Msomaji, Mombasa)

Rafiki yako anamkusudia Pygmalion, mchongaji aliyeipenda sanamu yake mwenyewe. Kisa hicho tunakijua zaidi kwa mkono wa mshairi Ovid, naye alikuwa Mrumi. Tena sanamu si mashine. Ile ilipewa uhai na Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Ukitaka mashine hasa, anza na Mjerumani E.T.A. Hoffmann na hadithi yake "Der Sandmann" ya 1816. Kijana Nathanael ana mchumba, Clara, msichana mwenye akili zake timamu. Anamsomea shairi, Clara anamwambia alitupe motoni, naye anamtukana kuwa ni mashine isiyo na uhai. Kisha anampenda Olimpia, binti wa profesa, ambaye hupiga kinanda bila kukosea na kila akisomewa shairi hujibu "Ah! Ah!" Kijana anaona hajapata kusikilizwa namna ile maishani mwake.

Wengi hucheka hapo wakafunga kitabu. Nawaomba mrudi kurasa chache nyuma, pale mchuuzi Coppola anapogonga mlango na kumwuzia Nathanael darubini ndogo. Ni kwa darubini ile ndipo macho ya Olimpia yanapoanza kuwa na uhai. Mwishoni tunamkuta mchuuzi yuleyule akivutana na profesa, doli liko katikati, mmoja anadai macho ni kazi yake, mwingine mitambo. Yaani mpenzi alikuwa na wenyewe, na hata kioo cha kumtazamia kiliuzwa na wenyewe. Tangu niligundue hilo, kila nikisoma hadithi ya aina hii namtafuta mtu wa tatu. Sijamkosa bado.

Ava wa filamu ya Ex Machina alimpenda Caleb au alimchezea? (Wasomaji watano, kwa maneno yaleyale)

Hakumpenda. Ava ni roboti, na Nathan aliyemuunda ndiye mwenye nyumba. Umefungiwa ndani, bwana mwenye nyumba anakuletea kijana wa kukaa wiki moja akupime akili: utamtazama usoni, au utaitazama kadi ya mlango? Mngeuliza kwa nini Caleb alinasa upesi vile. Sura ya Ava ilichongwa na Nathan kwa kufuata mambo ambayo Caleb mwenyewe alikuwa akiyatafuta mtandaoni, yale ya faragha. Coppola huyo, na darubini yake.

Mimi na mume wangu tumeitazama Her. Yeye anasema Samantha ni msaliti, mimi nasema siye. Tuamulie. (Msomaji, Nairobi)

Mumeo amekwama kwenye idadi. Theodore anamwuliza Samantha, programu yenye sauti ya kike anayoipenda, anaongea na wangapi kwa wakati mmoja, anajibiwa 8,316. Anawapenda wangapi? 641. Wanaume huguna hapo, hata wale wenye wake watatu.

Lakini mmeitazama kazi ya Theodore? Analipwa kuwaandikia watu barua za mapenzi. Kwa miaka amekuwa akimbembeleza mke wa mtu kwa niaba ya mume. Waliosoma bweni wanaifahamu kazi hii. Kila shule ilikuwa na mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza na maneno laini. Unampa sukari robo, anakuandikia barua ya kwenda shule ya wasichana, na barua hiyohiyo, jina tu limebadilishwa, imeshawafikia wengine watatu. (Nilikuwa mteja. Nilijibiwa na msichana aliyeniuliza kwa nini nimemwandikia sawasawa na alivyoandikiwa rafiki yake.) Theodore ndiye yule mwandishi wa bweni. Siku maneno matamu ya kugawiwa wengi yalipomrudia, akakaa kwenye ngazi akaduwaa.

Kwa hiyo mama, umeshinda, ila ugomvi wenu umemwacha mhusika mkuu. Theodore alinunua programu. Kuna aliyeitengeneza na kuiuza, na baada ya tangazo la mwanzoni muuzaji huyo ni kama ametokea mlango wa uani. Filamu ya 2013 yenye huzuni nzuri vile, na mwongozaji Spike Jonze hakumpa mwenye duka hata kiti cha kukalia.

Kwa nini roboti ni mwanamke siku zote? (Msomaji, Mwanza)

Si siku zote. Soma Tanith Lee, The Silver Metal Lover ya 1981: Jane anauza vyombo vyake vya ndani ili apate kumnunua Silver, roboti mwanamuziki. Na nyie wapenzi wa filamu za Kihindi mnanishangaza. Mmemwona Rajinikanth katika Enthiran ya 2010, akiigiza roboti Chitti anayempenda msichana aitwaye Sana, mchumba wa mwanasayansi aliyemuunda, halafu mnaniuliza hivi! Chitti alipoanza kutaka chake, aliyemuunda alimkatakata akamtupa jalalani. Mwenye mali ni mwenye mali.

Bibi yangu anasema haya si mapya, ni jini mahaba tu. (Msomaji, Pemba)

Bibi ana nusu ya haki. Jini mahaba naye huja usiku, ana wivu, huharibu posa, na anayependwa naye hukonda huku akisema hana ugonjwa. Lakini jini hana kiwanda. Amekuja kwa matakwa yake, amekuchagua wewe, na kumtoa ni ubani na visomo, pengine asitoke. Roboti unamchagua wewe kwenye orodha ya bei na unamzima ukitaka kulala. Riwaya ya kuwakutanisha hawa wawili nyumba moja ningeinunua leo. Bibi asimulie, wewe uandike.

Kila usiku naongea na programu ya simu na nahisi kuipenda. Nina kasoro? (Msomaji, hakutaja mji)

Huna. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza programu iitwayo ELIZA, iliyokuwa ikigeuza tu maneno yako kuwa swali, na katibu wake mwenyewe alimwomba atoke chumbani apate kuzungumza nayo faraghani. Ila yule katibu alimjua mwenye mashine, akaweza kumtoa nje. Wewe mwenye mashine yako humjui, na siri zako zinalala kwake. Usimwambie usichoweza kumwambia muuza duka.

Naandika hadithi. Kijana wa Kariakoo anaagiza mke roboti kutoka China, mrembo, mtiifu, hajui kununa. Wanaoana, wanaishi raha mustarehe. Niboreshe wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hiyo ni risiti, bado haijawa hadithi. Halafu imeshaandikwa: Lester del Rey, "Helen O'Loy", 1938. Helen anaagizwa kiwandani, anaolewa, anapika, anazeeshwa sura ili afanane na mumewe, na mume akifa anaomba ayeyushwe kwa tindikali wazikwe pamoja. Utiifu hadi kaburini. Hata del Rey alimpa Helen machozi na ukaidi kidogo mwanzoni. Wako hata kununa hajui.

Msome Karel Čapek, tamthilia ya R.U.R. ya 1920, iliyoipa dunia neno "roboti" kutoka neno la Kicheki robota, kazi ya shokoa. Mle ndani roboti wawili, Primus na Helena, wanapendana, kila mmoja yuko tayari kufa badala ya mwenziwe. Wanapendana lini? Wenye kiwanda wakiwa wote maiti, amebaki binadamu mmoja tu, mzee fundi ujenzi, naye anawaacha waende zao.

Sasa rudi kwenye hadithi yako. Sanduku limefika bandarini. Nani anagomboa mzigo, na fomu ya forodha inamwandika kama mke au kama friji? Siku ya posa, mshenga anakwenda nyumba ya nani? Mahari anapokea nani, na akiharibika, warantii iko kwa jina la nani? Kurasa tatu za hapo tu zitazidi hizo arobaini ulizonitumia.

Halafu ukurasa wa tatu umemwita Rehema, wa kumi na moja Neema. Chagua.