Weka spana chini: kufunga mita si kufunga maji

Weka spana chini kwanza. Umeandika kwamba bomba la chuma lililo nyuma ya sinki lako huko Kisauni linavuja kwenye elbo, yaani kiungo cha kona, kwamba fundi ameahidi kuja Jumamosi, kwamba msimamizi wa jengo amekwisha kukufungia mita, na kwamba jioni hii unakusudia kuikaza elbo hiyo kwa spana kisha uizungushie mpira na gundi. Umeuliza gundi gani inafaa, fundi atadai kiasi gani na gharama itakuwa ya nani kati yako na mwenye nyumba. Kabla ya hayo yote fahamu jambo moja: maji yako hayajafungwa, na ukiigusa elbo hiyo yakiwa hayajafungwa, huenda Jumamosi fundi asije kubadilisha kiungo bali kuvunja ukuta.

Koki ya mita huzuia maji yanayoingia kutoka barabarani, basi. Katika mji huu ni wachache wanaoishi kwa maji ya barabarani moja kwa moja. Maji ya Mombasa husafiri kutoka mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, mengine kutoka Baricho kando ya Mto Sabaki na mengine Marere katika vilima vya Shimba, nayo hayatoshi, kwa hiyo yanakuja kwa zamu. Ndiyo sababu karibu kila jengo lina tangi la chini linalopokea maji siku yanapokuja, pampu ya kuyapandisha, na matangi meusi juu ya paa. Maji yanayovuja nyuma ya sinki lako yanatoka paani. Unaweza kuifunga mita hata kwa wiki nzima na elbo itaendelea kuvuja mpaka tangi likauke, na ikiwa pampu yenu ina floti, yaani boya linaloiwasha maji yakishuka, tangi halitakauka, kwa maana litajazwa tena kila linapopungua.

Nilikaa Majengo, katika nyumba ya ghorofa ambayo mabomba yake ya chuma yalikuwa na umri sawa na kuta zake. Elbo ya bafuni, nusu yake ndani ya ukuta na nusu nje, ilianza kudondosha tone, kisha tone likawa mchirizi. Msimamizi wa jengo alikuja, akainama kwenye mita, akaizungusha koki, akajipangusa mikono na kuniambia kwamba maji yamefungwa na kazi inaweza kuanza. Kweli mfereji wa kuchotea maji uani, ambao umeungwa na laini ya mji, ulikuwa umekauka, na ushahidi huo ukatosha. Bafuni mchirizi uliendelea, lakini aliniambia kwamba hayo ni mabaki ndani ya bomba na kwamba yatajimaliza yenyewe.

Sentensi hiyo ndiyo iliyoleta hasara yote, na naiona tena katika maneno yako, kwa sababu nawe umeandika kwamba "yanatoka kidogo kidogo tu sasa". Mita kumi za bomba la nusu inchi hubeba takriban lita mbili za maji. Lita mbili hazichukui muda kuisha. Ikiwa robo saa imepita tangu mita ifungwe na mchirizi haujabadilika, hayo si mabaki, ni tangi.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji hakuuliza bomba ni la aina gani, wala kama ni kavu au lina maji, wala lina umri gani. Aliniuzia gundi ya vipande viwili, akaniazima spana ya bomba na kunielekeza kwamba niikaze elbo robo mzunguko kwanza ili mvujo upungue, ndipo nipake. Yeyote anayeyajua mabomba ya pwani hii asingetoa ushauri huo. Hewa yetu ina chumvi, na nyumba nyingi hutumia maji ya kisima yenye chumvi bafuni na chooni, kwa hiyo chuma huliwa kutoka nje na kutoka ndani kwa pamoja. Elbo kwa macho huonekana nzima, lakini penye thredi, yaani mikato ya kuskrubia bomba, ambapo chuma kilikwisha kupunguzwa unene tangu siku kilipokatwa, kinachobaki kinakuwa chembamba kama karatasi. Mvujo kwenye kiungo cha namna hiyo hausemi kwamba kimelegea. Unasema kwamba kimeoza.

Spana ilipozunguka nilihisi ulaini ambao chuma hakipaswi kuwa nao. Kisha elbo ikabaki mkononi mwangu, na kipande cha bomba chenye thredi kikabaki ndani ya ukuta, kimekatika sawa na uso wa vigae, hakuna pa kushika wala pa kufungia kitu. Tangi la lita elfu moja lilikuwa juu ya paa, ghorofa tatu juu ya kichwa changu. Kila mita kumi za kimo huyapa maji msukumo wa takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Ukiweka kiganja, maji hupenya kando ya vidole na kukurukia usoni. Nilikimbia paani. Valvu ya tangi ilikuwepo, ya gurudumu, imevaa kutu ya rangi ya matofali, na tangu iwekwe inaonekana hapakuwa na mkono ulioigusa. Nilipoilazimisha, gurudumu likaanza kuzunguka bure, kwa sababu mti wake, ule ufito unaofunga na kufungua maji, ulikuwa umekatika ndani. Nikiwa bado juu, niliisikia pampu ikijiwasha chini: floti ilikuwa imeshuka, na mtambo ulikuwa ukifanya kazi yake kwa uaminifu, ukipandisha maji mapya yaje yamwagike bafuni kwangu.

Maji yalijaa bafuni, yakatoka ukumbini, yakateremka kwa jirani wa chini kupitia tundu la taa darini mwake. Hilo la taa ndilo ninalotaka ulifikirie kuliko godoro na zulia. Maji yaliyopita kwenye nyaya za umeme hayatoi onyo. Mke wa jirani alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kwenye swichi aone kulikoni, na mwanawe ndiye aliyempigia kelele asiiguse. Hadi leo nikikumbuka mkono ule nakosa raha. Hasara nyingine zililipika: vigae vilivunjwa, ukuta ukachimbwa, dari ya jirani ikapigwa lipu upya, na kwa kuwa zamu yetu ya maji ilikuwa mbali, nyumba nzima ilinunua maji ya mitungi kwa mkokoteni ilhali tangi zima lilikuwa limekwenda na mtaro.

Msimamizi alisema kwamba yeye alifunga mita kama ilivyo kazi yake. Muuzaji alisema kwamba gundi yake haina tatizo. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa. Mtu aliyekabidhiwa funguo za jengo la familia nyingi, asiyejua maji ya jengo hilo yanapita wapi, hana haki ya kulitamka neno "yamefungwa". Vivyo hivyo, mtu anayeuza vifaa vya mabomba kutwa nzima katika mji wa chumvi hana haki ya kumwambia mteja akaze chuma ambacho hajakiona. Unaposikia maneno hayo kutoka kwa mtu yeyote, mwombe akuoneshe mfereji uliokauka ndani ya nyumba yako mwenyewe, si wa uani.

Kanuni ninayokusihi uishike ni hii: mfereji wa chini kabisa ndani ya nyumba yako usipokauka, usiguse bomba. Fungua mfereji huo, uache wazi, ufungue na wa juu ili hewa iingie, kisha usubiri. Ukiendelea kutiririka baada ya dakika chache, kuna mlango wa maji ambao bado uko wazi, na kazi yako ni kuutafuta, si kutafuta gundi.

Anza na pampu. Izime kwenye swichi yake ukutani, usiitegemee floti. Kisha panda paani mchana, ukiwa na mtu wa pili, ukatafute valvu kwenye bomba linalotoka chini ya tangi. Ikiwa ni ya mpini, tazama mpini ulivyolala: ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikingama, yamefungwa, na safari nzima ni robo mzunguko tu. Ikiwa ni ya gurudumu, zungusha taratibu kwa mwendo wa saa, kwa mkono mtupu. Ikikataa, rudisha kidogo nyuma, kisha mbele tena, kidogo kidogo. Usitie spana wala bomba la kuongezea nguvu, kwa sababu ya kwangu ilikatika hivyo hivyo.

Hakikisha pia kwamba tangi unalolifunga ndilo lako. Paa moja la Kisauni linaweza kuwa na matangi kumi yanayofanana, na nyumba nyingi zina laini mbili, moja ya maji matamu na nyingine ya kisima. Njia rahisi kuliko zote ni kulowesha kidole kwenye maji yanayovuja na kuyaonja kwa ncha ya ulimi, kisha uteme. Yakiwa na chumvi, fuata tangi la kisima. Yakiwa matamu, fuata lile jingine. Nimewaona watu wakilifunga tangi la maji matamu, mfereji wa jikoni ukakauka, wakaridhika, na bomba la bafuni likaendelea kumwaga maji ya kisima kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Valvu ikigoma kabisa, bado una njia. Pampu ikiwa imezimwa, kusanya kila mtungi, ndoo, karai na sufuria iliyo ndani ya nyumba, waite na majirani waje na vyombo vyao, ufungue mifereji yote mtoe maji ya tangi kwa hiari yenu kabla hayajatoka kwa hiari yake. Kumbuka kwamba lita elfu moja ni mitungi hamsini ya lita ishirini, kwa hiyo usisubiri giza liingie. Maji yaliyo mitunguni utayatumia. Yaliyo ukutani utalipia kuyatoa. Na ikiwa maji yamekwisha kufika karibu na soketi, taa au shawa ya umeme, zima swichi kuu kwanza kabla ya lolote, ikiwa unaweza kuifikia pasipo kukanyaga majimaji. Usipoweza, toka nje na umwite fundi wa umeme.

Mfereji wa chini ukishakauka, ndipo kufunga kwa muda kunapokuwa na maana, na hapo kazi yenyewe ni ndogo. Usiikaze elbo. Ifute kwa kitambaa mpaka ikauke, iguse kwa upole kwa msasa uondoe kutu iliyolegea juu, kisha ukate ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa vidole viwili. Anza kuuzungusha sentimita chache kabla ya mahali panapovuja, uuvute kwa nguvu kila mzunguko, kila tabaka lifunike nusu ya lililotangulia, upite kiungo hadi upande wa pili, na juu yake ufunge kwa waya laini wa kufungia nondo au kwa klampu za skrubu. Mpira huziba kwa sababu umevutwa na kubanwa, kwa hiyo ukizungushwa kwa kulegea hauna faida. Tepu nyeupe ya mabomba usiipoteze hapo. Mahali pake ni ndani ya thredi kabla kiungo hakijafungwa, haizibi ikizungushwa kwa nje. Gundi ya vipande viwili hushika chuma kilicho kikavu na kilichosuguliwa, tena ikipewa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake. Juu ya bomba lenye maji itakaa kwa saa kadhaa ikikupa moyo, kisha ibanduke usiku. Ikiwa bomba lako ni lile la plastiki la PPR, la kijani au jeupe, sahau gundi kabisa, haishiki. Mabomba hayo huungwa kwa mashine ya moto, na hiyo ni kazi ya fundi.

Baada ya kufunga mpira, usifungue tangi ukalala. Fungua valvu nusu, usimame mbele ya kiungo na tochi, upitishe karatasi ya chooni chini yake na utazame kama inalowa. Hata ikibaki kavu, jaza mitungi ya kutosha kupikia, kuogea na kutilia udhu hadi Jumamosi, kisha upande ufunge tena. Maji yafunguliwe ukiwa nyumbani na macho yako yako wazi, na yafungwe unapotoka kwenda kazini na unapolala. Kero ya kuteka maji kwenye ndoo kwa siku mbili tatu ni ndogo, na jirani wa chini hatajua hata kwamba kulikuwa na mvujo.

Jua halijatua bado. Panda sasa hivi, kisha uandike hapa valvu yako ni ya mpini au ya gurudumu, na kama inazunguka.