Melioidosi: mumeo asikatize vidonge kwa sababu homa imekatika

Assalamu alaykum, dada yangu. Umeuliza kuhusu mumeo, baharia aliyerudi kutoka Tailandi na kugunduliwa ana melioidosi, ugonjwa unaoletwa na kijidudu cha udongoni. Umesema kwamba baada ya siku kumi na mbili za sindano homa imekatika, anakula vizuri, na sasa haoni haja ya kumeza vidonge vya miezi mitatu. Umeuliza pia kama wewe na watoto mnaweza kuambukizwa. Mimi si daktari, lakini nilimuuguza mjomba wangu kwa ugonjwa huohuo hapa Mombasa, na kosa ambalo mumeo anataka kulifanya sisi tulilifanya.

Mjomba ni fundi wa mitambo ya kukobolea mpunga, na ana kisukari cha miaka mingi. Alikwenda Ubon Ratchathani, kaskazini mashariki mwa Tailandi, kuangalia mashine, msimu wa mvua, akapita katika mashamba ya mpunga akiwa na kidonda mguuni. Kijidudu chenyewe, Burkholderia pseudomallei, huishi katika udongo na maji ya matope ya nchi za joto, hasa huko na kaskazini mwa Australia, na humwingia mtu kupitia kidonda, kwa kuvuta hewa yenye matone au vumbi lake, au kwa kunywa maji machafu. Wenye kisukari ndio huumwa zaidi kuliko wote, wakifuatiwa na wenye maradhi ya figo na walevi.

Wiki mbili baada ya kurudi alianza homa za usiku, kikohozi na kukonda. Kila aliyemwona alifikiri ni kifua kikuu, na siwalaumu, kwa kuwa hata picha ya kifua ilifanana nacho. Alidungwa seftriaksoni, dawa ambayo hospitali nyingi huanza nayo, homa ikapungua kidogo kisha ikapanda tena. Damu yake ilipooteshwa maabara, jibu la kwanza lilisema vilivyoota ni vijidudu vya kawaida vilivyoingia kwa bahati mbaya wakati wa kuchukua damu. Aliyetuokoa ni daktari mmoja aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: mzee huyu amesafiri wapi? Damu ikaoteshwa upya, maabara ikaambiwa inatafuta nini, na jina likapatikana. Picha ya tumbo ikaonyesha majipu kwenye wengu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba tiba ya ugonjwa huu ina hatua mbili, na kila moja ina kazi yake. Hatua ya kwanza ni dawa ya mshipani, seftazidimu au meropenemu, kwa siku zisizopungua kumi hadi kumi na nne, na kwa mwenye majipu ya ndani kama mjomba huendelea wiki nne au zaidi. Penisilini na gentamaisini kwa kawaida hazimwezi mdudu huyu. Utafiti uliofanywa hukohuko Ubon Ratchathani na kuchapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba seftazidimu ilipunguza vifo kwa nusu ikilinganishwa na mchanganyiko wa dawa za zamani. Kazi ya hatua hii ni kumtoa mgonjwa mautini. Haimalizi kijidudu, kwa sababu kinajua kujificha ndani ya chembe za mwili wenyewe, kikatulia humo muda mrefu. Yuko mwanajeshi wa Marekani aliyetekwa katika Vita vya Pili vya Dunia ambaye ugonjwa huu ulimzukia miaka 62 baadaye.

Hatua ya pili, basi, ni ya kukifuata kule kilikojificha, na dawa yake ni kotrimoksazoli, ambayo sisi sote tunaiita Septrini. Kwa kuwa tunaifahamu tangu utotoni, tunaidharau. Mjomba, ambaye ana uzito wa zaidi ya kilo sitini, aliandikiwa vidonge vinne vya miligramu 480 asubuhi na vinne jioni, pamoja na asidi ya foliki. Hivyo ni vidonge 672 kwa wiki kumi na mbili, na muuza dawa wa mtaani alituambia kwa nia njema kwamba daktari amekosea. Hakuwa amekosea, kipimo cha ugonjwa huu ni kikubwa. Wiki ya tano kichefuchefu kilimshinda, akajiona mzima, akaacha, na mimi niliyekuwa nikimhesabia vidonge nikanyamaza kwa sababu nilimwonea huruma. Miezi miwili baadaye homa ilirudi, akalazwa, akaanza upya sindano za kila saa nane. Nilikaa pembeni ya kitanda kile nikijua kwamba kunyamaza kwangu kulichangia.

Kwa hiyo mumeo akilalamika kuhusu kichefuchefu, ameze baada ya chakula, anywe maji mengi, na mrudi kwa daktari, ambaye anaweza kumpa dawa nyingine au kurekebisha kipimo. Apimwe figo, potasiamu na damu mara kwa mara. Muulizeni daktari pia kuhusu upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao ni wa kawaida kwa watu wa pwani yetu, kwa sababu Septrini inaweza kuvunja chembe za damu za mwenye nao. Upele ukitokea, hasa wenye malengelenge au vidonda mdomoni, aende hospitali siku hiyohiyo. Na sukari ishikwe barabara kama anayo.

Kuhusu watoto, tulia. Kuambukizana mtu na mtu ni jambo la nadra mno. Sisi tulikula na kulala nyumba moja na mjomba na hakuna aliyeugua. Vaa glavu unapofunga kidonda chenye usaha, unawe mikono kwa sabuni. Wanaohitaji tahadhari kubwa ni watu wa maabara, kwa hiyo kila mumeo atakapotolewa damu au usaha kwa kuoteshwa, taja jina la ugonjwa kabla chupa haijaondoka wodini.